Hit, crash, collide au clash?
Ukieleza ajali kwa Kiingereza, angalia kwanza kihusishi (neno dogo kama "into" au "with"), maana hapo ndipo wengi huteleza. "Hit" haitaki kitu katikati: the car hit a wall. "Crash" hufuatwa na "into", na "collide" na "with". Ukiandika "collided the wall" umekosea, kwa sababu kitenzi hicho hakichukui yambwa (kitu kinachotendwa) moja kwa moja.

Wapo wahariri wanaoshikilia kwamba "collide" ni ya vitu viwili vinavyotembea vyote. Gari likigonga mti, wao huandika "hit" au "crashed into". Sheria za bahari zinakwenda mbali zaidi: meli ikigonga gati au nguzo ya daraja, hiyo huitwa "allision", si "collision".

Kwa ugomvi, "clash" ni makabiliano ya ghafla. Hutumika pia kwa rangi zisizopatana na vikao viwili vilivyoangukia wakati mmoja. "Conflict" mara nyingi ni mvutano unaodumu. Ikiwa nomino, kaza silabi ya kwanza, ikiwa kitenzi, ya pili. Na mgongano wa maslahi ni "conflict of interest", kamwe si "collision".