Kumtafuta babu kwenye vitabu vya ubatizo: kutoka ofisi ya parokia hadi Nyaraka za Taifa

Wanaotafuta asili ya ukoo wao Tanzania Bara wengi hukimbilia kwanza Nyaraka za Taifa. Huko watakuta machifu, kodi, mashamba na barua za mabwana shauri. Mkulima wa kawaida hatajwi ila kwa bahati. Kama ukoo wenu uliingia Ukatoliki zamani, anzia parokiani. Enzi za ukoloni watoto wengi wa Kiafrika hawakusajiliwa serikalini, lakini padre alimwandika kila aliyembatiza, pamoja na wazazi na msimamizi wake. Misheni ya Bagamoyo ilianza 1868, Kilema 1890, Kibosho 1893, Peramiho 1898. Kwa maeneo hayo unaweza kurudi nyuma vizazi vinne au vitano kwa karatasi.

Hatua ya 1: Maliza kwanza ya nyumbani

Usiwaulize wazee babu alizaliwa mwaka gani. Utapewa mwaka wa kwenye kitambulisho, ambao mara nyingi ulikisiwa na karani. Uliza jina lake la ubatizo, jina la nyumbani, majina ya baba na mama yake, kitongoji alichozaliwa, nani alimsimamia ubatizo, na kanisa alilofungia ndoa.

Umri upime kwa matukio: Maji Maji (1905–1907), vita ya Wajerumani na Waingereza (1914–1918), vita ya Hitler (1939–1945), Uhuru (1961). Mzee akisema, "Waingereza walipoingia Moshi yeye alikuwa anachunga mbuzi," hiyo ni 1916, na mchunga mbuzi ana miaka kama 6 hadi 12. Basi alizaliwa kati ya 1904 na 1910. Ongeza miaka mitatu kila upande, ndiyo miaka utakayoikagua.

Kisha fungua masanduku. Cheti cha ubatizo au cha ndoa, hata kilicholiwa na mchwa nusu, kinaweza kuwa na namba iliyotanguliwa na herufi L.B., yaani Liber Baptizatorum, kitabu cha waliobatizwa. Ukiwa nayo, kazi ya siku nzima inakuwa ya dakika kumi. Piga picha mbele na nyuma.

Hatua ya 2: Tafuta parokia ya wakati ule, siyo ya leo

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Kigango, yaani kanisa dogo lililo chini ya parokia, kikipandishwa kuwa parokia hufungua vitabu vipya. Vya zamani hubaki parokia mama. Mtu aliyebatizwa 1925 hawezi kuwa kwenye vitabu vya parokia iliyoanzishwa 1968, hata kama kaburi lake liko uani pale. Muulize katekista mzee: kabla ya parokia hii, watu walikuwa wanakwenda kusali wapi? Na kabla ya hapo? Endelea mpaka ufike kwenye misheni ya kwanza.

Hatua ya 3: Omba ruhusa vizuri

Mwandikie paroko barua ya ukurasa mmoja: wewe ni nani, unamtafuta nani, miaka gani, kwa nini. Ambatisha barua ya utambulisho kutoka jumuiya yako au parokia yako. Epuka Kwaresima, Pasaka, Desemba na msimu wa ndoa. Vitabu hivi si mali ya umma. Vina siri za watu, na paroko ana haki ya kukataa au kumwambia karani akusomee. Tumia penseli tu, mikono iwe mikavu, na usipige picha kabla ya kuruhusiwa. Sadaka kwa parokia ni uungwana, na usiitoe kama bei ya huduma.

Hatua ya 4: Soma mstari wote

Vitabu vya zamani viko kwa Kilatini. Maneno machache yanatosha: *natus* ni amezaliwa, *filius* mtoto wa kiume wa, *filia* wa kike, *patrinus* msimamizi, *adultus* mtu mzima, *circa* takriban, *in periculo mortis* alibatizwa akiwa hatarini kufa. *Parentes pagani* maana yake wazazi hawakuwa wamebatizwa, kwa hiyo usihangaike kuwatafuta ubatizo wao katika vitabu vya miaka ya nyuma.

Mitego ni hii:

Jina hubadilika mwisho. *Filius Josephi* ni mtoto wa Josephus, yaani Yosefu. Hakuna mtu aliyeitwa Josephi. Joannes ni Yohana, Jacobus ni Yakobo, Aloysius ni Aloisi.

*7bris* si Julai. Ni Septemba, kwa kuwa *septem* ni saba. Vivyo hivyo *8bris* ni Oktoba, *9bris* Novemba, na *Xbris* Desemba.

Tahajia hufuata kabila la padre. Mjerumani aliandika Moschi na Kilimandscharo. Kwake "ch" yetu ni *tsch*, "j" yetu *dsch*, na "y" yetu ni *j*. Mfaransa aliandika "u" kama *ou* na "j" kama *dj*, ndiyo maana Ujiji ikawa Oudjidji. Kwa hiyo ukimtafuta Chuwa, pitia pia T. Ukimtafuta Juma, pitia D. Na kama kitabu kina faharasa, angalia kwanza imepangwa kwa jina la ubatizo au la ukoo.

Umri wa mtu mzima ni makisio ya padre aliyemtazama usoni. Tarehe ya ubatizo iamini, mwaka wa kuzaliwa usiuamini sana.

Hatua ya 5: Soma pembeni

Tangu 1908 sheria ya Kanisa inamtaka paroko aandike ndoa ya mtu kwenye mstari wake wa ubatizo, hata kama amefunga ndoa jimbo lingine. Kipaimara nacho huandikwa hapo. Kwa hiyo ile nafasi ya pembeni, ambayo wageni huiruka, ndiyo inayokuambia kwamba babu aliyetoweka mwaka 1932 alikwenda kuoa Tanga. Chukua jina la parokia na tarehe, uandikie huko waangalie L.M., kitabu cha ndoa.

Kitabu cha ndoa kina zawadi yake. Ndugu wa damu walipotaka kuoana ilihitajika ruhusa maalumu, na ruhusa hiyo (*dispensatio*) hutaja daraja la undugu. Ukiona *consanguinitas* (undugu wa damu) ya daraja la tatu, umepata tawi la ukoo ambalo huenda hakuna mzee aliyelitaja.

Hatua ya 6: Hakikisha ni yeye

Wakatekumeni, yaani watu waliokuwa wakifundishwa dini kabla ya ubatizo, walibatizwa kwa makundi, hasa mkesha wa Pasaka. Ukurasa mmoja unaweza kuwa na akina Petro watano. Jina peke yake halithibitishi kitu. Taka mambo matatu yalingane, kwa mfano jina la baba, kitongoji na msimamizi. Yakilingana mawili, andika "huenda" na uendelee. Nakili mstari neno kwa neno na makosa yake, pamoja na kitabu, ukurasa na namba. Tafsiri yako iweke chini, kando.

Hatua ya 7: Kitabu kikikosekana

Misheni ya Peramiho na ya Nyangao zilichomwa wakati wa Maji Maji, na wamisionari Wajerumani waliondolewa kutokana na Vita Kuu ya Kwanza. Kwa hiyo pengo katika vitabu si lazima liwe uzembe. Kanuni zilizoanza kutumika 1918 zilimtaka paroko apeleke jimboni nakala ya vitabu kila mwaka; uliza huko kabla ya kukata tamaa. Baada ya hapo yako makao makuu ya mashirika ya wamisionari Ulaya: Wabenediktini wako St. Ottilien, Ujerumani, na Mababa Weupe wako Roma.

Nyaraka za Taifa zije sasa, ukiwa tayari na jina, kitongoji na mwaka. Omba vitabu vya wilaya vya enzi ya Waingereza, vyenye historia za makabila na nasaba za machifu. Vitakuambia mtawala na mipaka ya eneo lenu, hata kama babu hayumo. Kisha omba mafaili ya mashauri ya ardhi, maana kwenye mashauri ndipo watu wa kawaida walipopanda kizimbani wakataja baba zao. Kumbukumbu za serikali hufunguliwa kwa wasomaji zikitimiza miaka 30.