Kuweka JAVA_HOME na PATH ili kompaila ya Java ipatikane

Umesakinisha JDK (kifurushi cha zana za kutengenezea programu za Java), umeandika `javac`, ambayo ndiyo amri ya kompaila, na kompyuta inadai haiijui amri hiyo. Kompaila kwa kawaida imo kwenye diski, ila dirisha la amri halipekui diski nzima kuitafuta. Husoma orodha ya folda iliyomo kwenye kigezo cha mazingira kiitwacho PATH, moja baada ya nyingine kuanzia kushoto, na huendesha `javac` ya kwanza linayokutana nayo. Kwa hiyo ama folda yako haimo kwenye orodha, ama imo lakini imetanguliwa na folda ya Java nyingine ya zamani. Hali hii ya pili ndiyo inayosumbua zaidi, maana amri inafanya kazi, ila kwa toleo usilolitaka.

JAVA_HOME ina kazi tofauti. Dirisha la amri halina habari nayo. Wanaoisoma ni zana za Java kama Maven na Gradle (za kujenga programu) na Tomcat (seva). Ndiyo maana `javac -version` inaweza kuonyesha 21 huku `mvn -version`, yaani amri ya Maven, ikionyesha 17 kwenye kompyuta ileile. Weka vyote viwili, na kumbuka tofauti hii: JAVA_HOME hutaja folda kuu ya JDK bila `bin` mwishoni, ilhali PATH hutaja `bin` yenyewe.

Kabla ya kugusa chochote, fungua folda ya JDK uhakikishe kuwa ndani ya `bin` mna `javac`. Ukikuta `java` peke yake, ulichosakinisha ni JRE, ambayo huendesha programu tu bila kuzikompaili, na hakuna kigezo kitakachokusaidia. Kwenye Ubuntu kosa hili ni jepesi kufanyika, kwa kuwa `openjdk-21-jre` na `openjdk-21-jdk` ni vifurushi viwili. Unachohitaji ni cha pili.

Windows

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `sysdm.cpl`, nenda kichupo cha Advanced, kisha bofya Environment Variables. Utaona sehemu mbili: juu ni vigezo vya mtumiaji, chini ni vya mfumo mzima. Kama una haki za msimamizi, fanya kazi yote sehemu ya chini. Windows huunganisha PATH mbili kwa kutanguliza ya mfumo, hivyo ukiongeza JDK yako sehemu ya juu huku Java ya zamani ikiwa chini, ya zamani itashinda kila mara. Usigawe kazi pia, yaani JAVA_HOME juu na Path chini, kwa sababu Path ya mfumo hujengwa kabla vigezo vya mtumiaji havijasomwa.

Bofya New na uweke jina JAVA_HOME na thamani ya folda yako, kwa mfano:

```
C:\Program Files\Java\jdk-21
```

Usiweke alama za kunukuu, hata kama jina la folda lina nafasi katikati, wala nukta mkato mwishoni. Kisha chagua Path, bofya Edit, halafu New, na uandike:

```
%JAVA_HOME%\bin
```

Bofya Move Up mpaka mstari huo ufike juu kabisa. Hatua hii watu wengi huiruka. Kisakinishi cha Oracle huongeza chenyewe folda ya `C:\Program Files\Common Files\Oracle\Java\javapath`, nayo mara nyingi ndiyo inayotangulia. Si lazima uifute. Iweke tu chini ya mstari wako. Faida ya kuandika `%JAVA_HOME%\bin` badala ya njia kamili ni kwamba ukihamia JDK mpya utabadilisha JAVA_HOME peke yake.

Bofya OK kwenye madirisha yote, kisha funga dirisha la amri na ufungue jipya. Kila programu hupewa nakala ya vigezo inapoanza, na lile lililokuwa wazi linaendelea na nakala yake ya zamani. Kama unatumia terminali iliyo ndani ya kihariri cha msimbo, funga kihariri chote, kwa kuwa terminali mpya hurithi kutoka kwake. Sasa kagua:

```
where javac
javac -version
echo %JAVA_HOME%
```

Amri ya `where` ndiyo yenye thamani kubwa, kwani huorodhesha kila `javac` kwa mpangilio wake, na ya kwanza ndiyo itakayotumika. Kwenye PowerShell andika `where.exe`, maana `where` peke yake humo ni amri nyingine kabisa, na JAVA_HOME huonekana kwa `$env:JAVA_HOME`.

Onyo moja kuhusu maelekezo ya mkato yanayopendekeza `setx PATH "%PATH%;..."`, yaani kuweka kigezo kwa amri badala ya dirisha: usiyafuate. `setx` hukata thamani inayozidi herufi 1024, na `%PATH%` tayari ni mchanganyiko wa PATH ya mfumo na ya mtumiaji, hivyo unaweza kupoteza mkia wa orodha na kurudufisha kilichobaki. Kwa JAVA_HOME, `setx` haina tatizo.

Linux

Pata mahali halisi pa kompaila:

```
readlink -f "$(which javac)"
```

Ukijibiwa `/usr/lib/jvm/java-21-openjdk-amd64/bin/javac`, ondoa `/bin/javac`. Kinachobaki ndicho cha JAVA_HOME. Ongeza mistari hii mwishoni mwa `~/.bashrc`:

```
export JAVA_HOME=/usr/lib/jvm/java-21-openjdk-amd64
export PATH="$JAVA_HOME/bin:$PATH"
```

Halafu `source ~/.bashrc`. Pande zote za alama ya `=` zisiwe na nafasi. Kitenganishi huku ni nukta pacha, si nukta mkato ya Windows. Ukisahau `$PATH` mwishoni, hata `ls` itatoweka; andika `export PATH=/usr/bin:/bin` ili dirisha hilo lirudi hai, kisha rekebisha faili.

Programu zinazofunguliwa kwenye menyu ya eneo-kazi kwa kawaida hazisomi `~/.bashrc`. Kwa hizo, weka mistari ileile kwenye `~/.profile`, utoke na kuingia upya. Nayo `sudo`, amri ya kuendesha kitu kwa haki za msimamizi, mara nyingi ina PATH yake iliyofungwa, kwa hiyo usishangae `sudo javac` ikileta toleo jingine. Debian na Ubuntu pia zina `sudo update-alternatives --config javac` ya kuchagua toleo la mashine nzima. Ukiitumia, irudie kwa `java`, kwa kuwa hizo mbili huchaguliwa kila moja peke yake.

macOS

Tangu toleo 10.15 la mwaka 2019, ganda (shell, programu inayosoma amri zako) la kawaida ni zsh, hivyo faili ni `~/.zshrc`:

```
export JAVA_HOME=$(/usr/libexec/java_home -v 21)
```

Mac ina upekee wake: `/usr/bin/javac` si kompaila, ni kiwakilishi kinachoitafuta JDK na kuifuata JAVA_HOME. Mstari huo mmoja mara nyingi hutosha. JDK iliyoletwa na Homebrew, zana ya kusakinishia programu kwenye Mac, kupitia kifurushi cha `openjdk` haionekani kwa `java_home` mpaka uiunganishe na `/Library/Java/JavaVirtualMachines`. Amri ya kufanya hivyo huonyeshwa mwishoni mwa usakinishaji.

Yanayobaki kusumbua

CLASSPATH, kigezo kinachotaja mahali Java inapotafuta madarasa ya programu, iache bila kuiweka. Isipokuwepo, Java hutafuta kwenye folda uliyomo. Ikiwepo bila nukta inayowakilisha folda hiyo, programu itakompailika vizuri kisha `java` idai haioni darasa kuu. Mafunzo mengi ya zamani huiagiza; ukiikuta, ifute.

Kosa la `UnsupportedClassVersionError` maana yake `javac` na `java` zimetoka matoleo tofauti. Namba zilizo kwenye ujumbe zinasema yote: 52 ni Java 8, 61 ni Java 17, 65 ni Java 21. Ukiona 65 imekataliwa na 61, umekompaili kwa 21 ukaendesha kwa 17. Linganisha `where java` na `where javac`, au `which -a` kwenye Linux na Mac, ili uone ni folda ipi inayotangulia. Kama programu inakusudiwa kompyuta yenye 17, kompaili kwa `javac --release 17`.