Dawa ya wadudu kwenye viazi mviringo: jua mdudu alipo ndipo ubebe bomba

Katika mashamba ya viazi ya Mbeya, Njombe na Iringa, dawa inayopulizwa mara nyingi zaidi ni ya ukungu. Ni haki yake, maana bakajani chelewa likikutana na mvua na baridi linamaliza shamba kwa siku chache. Kosa linaanzia pale dawa ya wadudu inapotumbukizwa kwenye bomba hilo hilo kila wiki, "kwa kuwa tunapita tu", bila mtu kugeuza jani hata moja. Wadudu wa viazi hawakai sehemu moja. Mmoja yuko ardhini, mwingine chini ya jani, wa tatu ndani ya jani lenyewe, na anayeleta hasara kubwa kuliko wote yuko ndani ya kiazi, ambako dawa ya bomba haifiki. Baadhi ya dawa zinazoitwa feki zilikuwa nzima kabisa, ila zilipulizwa pasipo na mdudu au kwa kipimo cha kubahatisha.

Kukagua kabla ya kununua

Pita shambani mara moja kwa wiki, na mara mbili kwenye vinyungu (bustani za mabondeni) vya kiangazi, kwa sababu joto na ukavu huharakisha uzazi wa wadudu. Tembea kwa mtindo wa herufi W, simama sehemu tano, kila sehemu kagua mimea kumi. Geuza majani ya katikati na ya chini. Ya juu hudanganya, vidukari hupenda kivuli.

Shina changa lililokatwa usawa wa ardhi ni kazi ya sota. Fukua kwa kidole sentimita 2 hadi 5 kuzunguka shina asubuhi, utamkuta kiwavi wa kijivu amejikunja. Ukikuta mche mmoja mmoja umekatwa hapa na pale, muue kwa mkono uendelee na kazi nyingine. Ikiwa ni mistari mizima, pulizia jioni kuanzia saa 11, ukielekeza dawa kwenye kitako cha mche na udongo wake, kwa sababu sota hutoka kula usiku. Dawa ya saa 4 asubuhi inakauka juani wakati yeye amelala chini. Mche ukishakomaa shina, sota si hoja tena.

Mistari myeupe iliyojipinda kwenye jani, kama mtu kachora kwa kalamu, ni ya vidomozi. Hawa mara nyingi ni matokeo ya kupulizia, wala si sababu yake. Dawa za jamii ya pyrethroid, yaani zile ambazo kiambato chake kinaishia na "-thrin" (lambda-cyhalothrin, cypermethrin, deltamethrin), huua nyigu wadogo wanaotaga ndani ya vidomozi, huku kidomozi mwenyewe akiwa salama katikati ya ngozi mbili za jani. Mwezi mmoja baadaye shamba limekuwa jeupe. Utitiri mwekundu nao hufumuka kwa njia hiyo hiyo. Kwa vidomozi unahitaji dawa inayopenya jani, kama abamectin, cyromazine au spinosad. Majina haya yameandikwa kama yanavyosomeka kwenye lebo, ili usimame dukani na kulinganisha.

Mmea ukinyauka ghafla ukiwa bado wa kijani, usikimbilie dawa yoyote kwanza. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize kwenye glasi ya maji safi. Uzi mweupe kama maziwa ukishuka ndani ya dakika chache, huo ni mnyauko bakteria, na hakuna dawa ya wadudu wala ya ukungu itakayouponya. Ng'oa mmea pamoja na viazi vyake, utoe nje ya shamba.

Vidukari: kama unalima mbegu au unalima chakula

Kwa viazi vya kula, vidukari wachache hawakupunguzii magunia. Kwa shamba la mbegu habari ni nyingine, kwa kuwa wanabeba virusi vitakavyoonekana msimu ujao. Kipimo kinachotumika sana ni vidukari 10 kwa majani 100. Wakifika hapo, pulizia.

Hapa kuna jambo ambalo muuzaji wa dawa haelezi. Virusi vya kukunja majani huhitaji kidukari anyonye kwa muda mrefu, saa na zaidi, kabla ya kuambukiza, hivyo dawa ya kupenya mmea kama imidacloprid, thiamethoxam au acetamiprid humuwahi. Lakini virusi Y vya viazi huingia kwa mchomo wa sekunde chache tu. Kidukari atakufa, sawa, lakini atakufa akiwa ameshaambukiza. Dhidi ya virusi Y, kinachosaidia ni mbegu safi, kung'oa mapema mimea yenye mabaka, na kukaa mbali na viazi vya zamani vilivyojiotea.

Ikiwa mbegu zilipakwa dawa ya kundi hili wakati wa kupanda, usirudie kundi hilo hilo (dawa zinazoua kwa njia moja) kwenye majani. Kundi lenyewe limeandikwa kwenye lebo nyingi kwa namba, na hizi tatu zote ni 4A.

Nondo wa viazi: udongo kwanza, dawa baadaye

Huyu ni mdogo, wa kijivu, huruka ovyo jioni ukitikisa majani. Jike hutaga kwenye majani na kwenye jicho la kiazi kilichobaki wazi. Kiwavi huchimba jani, na majani yanapozeeka hushuka kwenye nyufa za tuta mpaka kwenye kiazi. Dalili ni uchafu mweusi kama unga wa kahawa uliosukumwa nje kwenye jicho. Ukipasua utakuta mfereji umezungukwa na uozo. Kantangaze, anayesumbua nyanya, ni ndugu yake na huchimba majani ya viazi pia, kwa hiyo shamba lililopakana na nyanya lina kazi mara mbili.

Kiwavi akishaingia kwenye kiazi hakuna cha kupulizia. Kwa hiyo kinga ni hii: panda mbegu kwa kina cha sentimita 10 hadi 15, pandishia udongo mche ukiwa na kimo cha sentimita 15 hadi 25, kisha rudia kabla majani hayajafunga mistari. Kwenye vinyungu, mwagilia kidogo kidogo hadi mwisho ili tuta lisipasuke. Ufa unaoingia kidole ni mlango wa nondo, uzibe kwa jembe.

Dawa inaingia katikati ya hapo, kuua viwavi wachanga kwenye majani kabla hawajashuka. Chlorantraniliprole (kundi 28), spinosad (kundi 5) na emamectin benzoate (kundi 6) hufanya kazi nzuri kwa viwavi kuliko pyrethroid. Tumia kundi moja kwa takriban mwezi, yaani kizazi kimoja cha nondo, halafu hamia kundi lingine. Kubadili jina la chupa si kubadili dawa. Chupa mbili zenye picha tofauti na bei tofauti zinaweza zote kuwa lambda-cyhalothrin gramu 50 kwa lita. Soma maandishi madogo chini ya jina.

Dukani

Nunua chupa iliyofungwa, yenye namba ya usajili wa mamlaka ya viuatilifu (Tanzania ni TPHPA, Kenya ni PCPB), tarehe ya mwisho, na zao la viazi likitajwa kwenye lebo. Dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya soda iache hapo hapo, hata ikiwa nusu bei. Mkanda wa rangi chini ya lebo unaonyesha ukali: nyekundu ni hatari kabisa, kisha njano, bluu, na kijani ndiyo yenye hatari ndogo. Palipo na dawa mbili zinazoua mdudu yule yule, chukua ya rangi yenye hatari ndogo. Kuhusu chlorpyrifos, ambayo wengi wameizoea kwa sota, mwaka 2025 iliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Stockholm ya kemikali za kuondolewa, huku matumizi machache yakiachiwa kwa muda. Anza kuzoea mbadala wake.

Kupima bomba

Sehemu hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayookoa fedha. Pima eneo la mita 10 kwa 10 shambani. Tia lita 5 za maji matupu kwenye bomba, pulizia eneo hilo kwa mwendo wako wa kawaida, kisha pima maji yaliyobaki. Tuseme umetumia lita 4. Ekari ina mita za mraba 4,047, kwa hiyo utahitaji kama lita 162, sawa na bomba 10 za lita 16. Lebo ikisema mililita 200 kwa ekari, kila bomba linapata mililita 20.

Mimea ikiwa bado midogo unaweza kutumia lita 2.5 tu kwa eneo lile lile. Hapo ekari inachukua bomba 6 na kidogo, na kila bomba linahitaji kama mililita 32. Ukibaki na 20, umetoa dozi pungufu, na dozi pungufu ndiyo shule ya usugu, yaani wadudu kuzoea dawa. Lebo ikitaja hekta, gawanya kwa 2.47 kupata ekari. Lebo ikisema mililita 25 kwa lita 20 na bomba lako ni la lita 16, zidisha 25 kwa 16 kisha gawanya kwa 20: unapata 20. Badala ya kisoda au kifuniko, ambavyo havilingani, nunua bomba la sindano la mililita 20 lisilo na sindano, uliandike "SUMU" kwa rangi isiyofutika, liishi stoo ya dawa.

Nozeli iwe ya koni, inayotoa ukungu wa duara. Ile bapa ni ya magugu. Na bomba la magugu liwe la magugu peke yake: mabaki kidogo ya 2,4-D yanatosha kusokota majani ya viazi, ukadhani ni virusi.

Kuchanganya na kupulizia

Maji yawe meupe. Pyrethroid hung'ang'ania chembe za udongo, kwa hiyo maji ya tope kutoka mtoni yanakula dawa kabla haijafika kwenye jani. Jaza bomba nusu, tia dawa, tikisa, kisha jaza. Dawa ya unga ikorogwe kwanza kwenye ndoo. Ukiichanganya na ya ukungu, unga hutangulia, kisha ya maji mazito (SC), mwisho ya mafuta (EC). Mchanganyiko ambao hujawahi kuutumia ujaribu kwenye chupa ya lita moja kwa nusu saa. Ukiganda kama maziwa yaliyochacha au ukijitenga, puliza kila dawa siku yake.

Pulizia saa 12 hadi saa 3 asubuhi umande ukikauka, au kuanzia saa 10 jioni, hasa kama maharage ya jirani yamechanua na nyuki wapo. Upepo ukipeperusha ukungu wa dawa kuliko unavyoanguka, acha. Upepo uwe ubavuni mwako, tembea ukiacha mahali palipopuliziwa, na uelekeze nozeli chini ya majani. Majani yalowane bila kuchuruzika. Kwenye vinyungu acha ukanda wa kutosha kando ya mfereji bila dawa, wala usioshee bomba mtoni.

Suruali ivaliwe juu ya buti, isichomekwe ndani, dawa isiteremkie mguuni. Glavu ziwe za mpira wa nitrile. Barakoa ya vumbi haizuii mvuke. Maziwa baada ya kupulizia hayaondoi sumu mwilini, tabia hiyo iachwe. Kuoga kwa sabuni na kufua nguo kando ndiko kunakosaidia. Mtu akitokwa jasho jingi na udenda, mboni zikawa ndogo kama ncha ya sindano na kifua kikabana, muwahishe hospitali pamoja na lebo. Usimtapishe.

Rudi kukagua baada ya siku 3. Pyrethroid huua haraka. Dawa za kundi 28 humfanya kiwavi aache kula kwanza, kufa baadaye. Wakiwepo walio hai, angalia kwanza kipimo, mvua iliyonyesha, na kama majani ya chini yaliguswa. Kuongeza dozi ni kosa la pili juu ya la kwanza.

Kuvuna na ghala

Hesabu siku za kusubiri zilizo kwenye lebo kabla hujakata mashina. Kila dawa ina zake. Baada ya kukata, ziba nyufa mara moja, maana viwavi wanakimbia majani yanayokauka. Viazi vilivyong'olewa visilale shambani hata usiku mmoja, na visifunikwe kwa mashina yake, kwani hapo nondo hutaga kwa raha. Chagua vyenye vitobo kabla ya kufunga gunia, kwani kimoja kinatosha kuanzisha kizazi kingine ghalani.

Mbegu iliyopakwa dawa ihifadhiwe peke yake na isiliwe kamwe, na viazi vya kula visipakwe ile dawa ya unga ya mahindi.