Kulinganisha riwaya na tamthilia yake: anza na kilichoongezwa

Jumamosi alasiri kikundi chetu cha usomaji hukutana Sinza, sebuleni kwa mmoja wetu. Tukichukua kitabu ambacho kimetengenezewa tamthilia ya televisheni, huwa naomba jambo moja mapema: swali la "kipi kizuri zaidi" likae pembeni hadi mwisho. Likitangulia, kila mtu anatetea alichokipenda na hakuna anayerudi kwenye ukurasa kuhakikisha.

Nitatumia mfano mmoja, Pride and Prejudice. Riwaya ni ya Jane Austen, ilitoka mwaka 1813. Tamthilia ni ile ya BBC ya mwaka 1995, sehemu 6, muswada wa Andrew Davies. Kitabu hakina tena hakimiliki, kwa hiyo unakipakua bure na kihalali kutoka Project Gutenberg, maktaba ya vitabu ya mtandaoni. Bando dogo linatosha.

Hatua ya 1: Maliza kitabu kabla ya kutazama

Hapa sina msamaha. Ukishaiona sura ya Colin Firth, mwigizaji wa Darcy, mwanamume mkuu wa hadithi hii, Darcy wa kwenye kitabu hatarudi tena. Kuna mwaka tulianza na video, na wakati wa mjadala kila aliyemweleza Darcy alimweleza mwigizaji. Austen mwenyewe anampa maneno machache: mrefu, sura nzuri, kipato cha pauni 10,000 kwa mwaka, na majivuno yanayowachosha watu usiku uleule wa kwanza. Kwa hiyo, kabla ya kuwasha televisheni, andika mistari mitano juu ya kila mhusika mkuu jinsi ulivyomwona wewe. Funga daftari.

Hatua ya 2: Chora safu nne

Kilichobaki, kilichokatwa, kilichohamishwa, kilichoongezwa. Wengi hujaza safu ya pili mpaka inafurika, kisha wanalalamika. Sura 61 zikiingizwa kwenye sehemu 6, lazima mengi yaanguke. Orodhesha makubwa, endelea.

Hatua ya 3: Tazama mara mbili

Mara ya kwanza tazama kama watu wote, bila kusimamisha. Mara ya pili shika rimoti, na kila unapoandika jambo andika na dakika yake. Sehemu moja kwa siku inatosha.

Hatua ya 4: Mtafute msimulizi amekwenda wapi

Waliokulia karibu na vibanda vya video hapa Dar wanamkumbuka marehemu Lufufu, aliyekuwa akizisimulia filamu za nje kwa Kiswahili: anatafsiri, anafafanua, anatia na yake. Filamu iliyokuja bila msimulizi ikampata. Riwaya ikienda kwenye televisheni, mambo huwa kinyume: msimulizi ananyang'anywa kiti, na maneno yake ama apewe mtu mwingine ama yaachwe.

Angalia sentensi ya kwanza ya Austen, ile isemayo kwamba ukweli unaokubalika na wote ni kuwa mwanamume mwenye mali asiye na mke lazima anahitaji mke. Kitabuni anaisema msimulizi, na kejeli yake inawaangukia majirani wote wenye mabinti wa kuoza. Kwenye tamthilia anaisema Elizabeth, binti ambaye ndiye mhusika mkuu, wakitoka kanisani. Maneno ni karibu yaleyale, lakini sasa ni utani wa binti mwerevu kwa mama yake. Hiyo iandike safu ya tatu.

Hatua ya 5: Kaa kwenye safu ya nne

Kazi yenyewe iko hapa. Kukata kunaweza kulazimishwa na muda. Kuongeza hakulazimishwi na mtu, anayeongeza amechagua.

Fungua sura ya 43. Elizabeth yuko Pemberley, nyumba ya Darcy, na mjomba wake na mke wa mjomba, wametembezwa ndani ya nyumba, wamemsikia mtunza nyumba akimsifu bwana wake. Wametoka nje. Ghafla Darcy anatokea kwenye njia ya mazizi ya farasi, hatua chache kutoka alipo. Macho yanagongana, nyuso zote mbili zinaiva kwa haya. Basi.

Kwenye tamthilia, kabla ya hapo tunamwona Darcy akishuka kwenye farasi, anavua koti, anajitupa bwawani. Kisha anakuja amelowa, shati limemganda mwilini, ndipo wanakutana. Bwawa hilo halimo kitabuni kabisa.

Watazamaji wengi huishia kwenye shati. Wewe jiulize: nani alijua nini, na lini? Kitabuni hatujui kwamba Darcy amefika mpaka Elizabeth ajue, tunashtuka naye. Kwenye televisheni tumemtangulia, tunamsubiri aone. Na aibu imehama: kitabuni inamwelemea zaidi Elizabeth, aliyekutwa kwenye nyumba ya mwanamume ambaye yeye mwenyewe alimkataa alipomchumbia; kwenye tamthilia inamwelemea pia Darcy, aliyekutwa hajavaa vizuri.

Sasa rudi kwenye barua ambayo Darcy anamwandikia Elizabeth baada ya kukataliwa. Austen anatuweka na Elizabeth akiisoma, akiirudia, akijilaumu. Tamthilia inatuweka kwanza na Darcy usiku, akiiandika. Ukiweka matukio haya mawili pamoja unaona mkono wa Davies: anatufungulia mlango wa kumwona Darcy akiwa peke yake, mlango ambao Austen aliufunga makusudi.

Hatua ya 6: Andika hoja yako kwa sentensi moja

"Tamthilia imebadilisha mambo mengi" si hoja. Hii ni hoja: "Kwa kutuonyesha Darcy akiwa peke yake, tamthilia inatufanya tumwamini kabla Elizabeth hajamwamini." Kila ushahidi utakaoweka chini yake uwe na namba ya sura upande mmoja na dakika upande mwingine. Sasa ndipo unaweza kusema kipi umekipenda zaidi, na sisi tutakusikiliza.

Baada ya hapo jaribu na Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi na filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021. Ni filamu moja, si mfululizo, kwa hiyo safu ya kilichokatwa itajaa haraka. Iache ijae, kalamu yako ibaki safu ya nne.