BMW X5 M inayokula tairi kwa ndani: anzia bushi, si dukani

Tairi la nyuma la BMW X5 M ya umbo la E70 (namba ya BMW ya kizazi cha pili cha X5) hudanganya. Ukisimama nyuma ya gari unaona meno yamejaa. Ukiingia chini na tochi ukatazama ukingo wa ndani, unakuta nyuzi zimeanza kuchungulia. Hili ni gari la zaidi ya tani 2.2, lina injini ya V8 ya lita 4.4 yenye turbo mbili na nguvu farasi 555, na nyuma limevaa 315/35R20, yaani tairi lenye upana wa milimita 315. Tairi pana hivyo likilala kidogo tu, ukingo mmoja ndio unaobeba mzigo.

Wengi hununua tairi kwanza, hupiga alaimenti (kunyoosha pembe za magurudumu) baadaye, na ubovu wa bushi, yaani mipira ya kwenye maungio ya mikono inayoshika magurudumu, huugundua tairi jipya likiwa limeshaliwa. Fanya kinyume.

Soma tairi kabla ya kulitupa

Chukua kipimo cha kina cha meno, kile kidogo cha kutia mfukoni, upime sehemu tatu kwa kila tairi: ndani, kati na nje. Andika pamoja na kilomita za gari. Tairi jipya la aina hii huwa na karibu milimita 8. Vile vinundu vilivyo ndani ya mifereji vimewekwa kwenye milimita 1.6, meno yakifika usawa wake popote, tairi limekwisha, hata kama upande wa nje bado unapendeza.

Ukipata ndani 2, kati 5, nje 5.5, tatizo ni pembe za magurudumu. Kingo zote mbili zikiliwa na kati ikabaki, upepo ni mdogo. Kati ikitangulia, upepo umezidi. Vishimo kama vilivyochotwa kwa kijiko ni shokapu zilizochoka au balansi mbovu.

Halafu pitisha kiganja juu ya meno kutoka nje kwenda ndani, kisha kirudishe (kama waya umeshatokeza, vaa glavu). Ukihisi ulaini unapokwenda ndani na mkwaruzo unaporudi nje, ncha ya mbele ya gurudumu imeelekea ndani kupita kiasi. Ikiwa mkwaruzo uko unapokwenda ndani, ncha imetoka nje, na hapo ukingo wa ndani hauna salama.

Tou ndiyo inayokula

Kemba ni kule gurudumu kulalia ndani kwa juu. Tou ni ncha yake ya mbele kuelekea ndani au nje. Watu hulaumu kemba kwa sababu inaonekana kwa macho, lakini tairi lililolala bado linabingirika. Lenye tou mbaya linaburutwa. Piga hesabu: kosa la digrii 0.2 kwenye gurudumu moja ni kuburutwa kwa ubavu mita 3.5 kila kilomita. Baada ya kilomita 10,000, hiyo ni kilomita 35 za kusugua lami. Kemba kazi yake ni kuchagua ukingo upi usuguliwe.

Angalizo moja kuhusu karatasi ya alaimenti: vipimo vyake huwa vya digrii na dakika, na digrii moja ina dakika 60. Kwa hiyo 0°12′ ni digrii 0.2, wala si 0.12. Anayesoma 0°30′ kama digrii 0.3 hajaona kuwa ni nusu digrii nzima.

Chini ya gari

Pandisha gari, ingiza mtaimbo kati ya kila mkono wa nyuma na fremu yake, kisha sukuma taratibu. Mpira ukiachana na chuma au ukionyesha mpasuko unaofunguka, bushi hiyo imekufa. Badilisha kulia na kushoto kwa pamoja. Bushi mbovu inaweza kukaa vizuri gari likiwa limesimama kwenye mashine, karatasi ikatoka kijani, yaani vipimo vyote sawa, kila mahali. Ukikanyaga mafuta au breki, mkono unasogea na tou inahama nao. Ndiyo maana kuna magari yenye karatasi safi na tairi lililokatika.

Bolti za bushi zikazwe mara ya mwisho gari likiwa limekaa kwenye urefu wake wa kawaida. Ukizikaza miguu ikiwa inaning'inia, mpira unabaki umejipinda siku zote na utachanika mapema.

Kama nyuma kuna mifuko ya hewa inayobeba gari pamoja na springi au badala yake, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa matigadi, kulia na kushoto, jioni na tena asubuhi kabla ya kuwasha. Upande ulioshuka usiku una mfuko unaovuja. Nyuma ikishuka, kemba inaongezeka. Springi fupi za urembo huleta ugonjwa huohuo.

Kwa magari yaliyokaa Mombasa, Tanga au Unguja, bolti za kurekebishia pembe huganda kwa kutu. Zipulizie mafuta ya kulegeza siku moja kabla. Zikigoma, zikate uweke mpya. Moto utapika mpira wa bushi uliyoinunua jana.

Alaimenti ipigwe magurudumu yote manne, nyuma kwanza. Tou ya nyuma kulia na kushoto zilingane, la sivyo gari litatembea kimshazari. Dai karatasi ya kabla na ya baada.

Upepo

Fuata kibandiko cha kwenye fremu ya mlango, pima tairi zikiwa baridi. Ukijaza Nairobi ukashuka Mombasa, kipimo kitasoma karibu psi 2.5 pungufu kwa joto lilelile, kwa kuwa hewa ya pwani ni nzito zaidi. Joto la huko hurudisha sehemu tu. Pima upya asubuhi ya kwanza.

Unaponunua

Mbele ni 275/40R20, nyuma 315/35R20. Vipenyo vyake ni milimita 728 na 728.5, na hilo si bahati: xDrive, mfumo wa BMW wa kuendesha magurudumu yote manne, unataka mbele na nyuma zizunguke sawa. Ukiweka nyuma mpya na mbele ziko milimita 2, tofauti inafika karibu asilimia 1.6, na klachi ya transfa kesi (kisanduku kinachogawa nguvu mbele na nyuma) haipumziki. Dalili yake ni gari kushtuka-shtuka kwenye kona za polepole. Kwa kuwa saizi zinatofautiana, kuhamisha mbele kwenda nyuma hakuwezekani. Namba ya mzigo, iliyoandikwa ubavuni mwa tairi baada ya saizi, isishuke: 106 hubeba kilo 950, 110 hubeba 1,060.

Kilomita 2,000 baadaye, pima tena zile sehemu tatu. Ndani ikiwa imetangulia nje kwa nusu milimita, rudi kwenye bushi kabla ya kurudi kwenye mashine.