Flashi ya Terabaiti 2 Yenye Gigabaiti 32 Ndani: Namna ya Kuiumbua Kabla na Baada ya Kulipia

Chomeka flashi iliyochakachuliwa, na kompyuta itakuonyesha terabaiti 2 bila wasiwasi wowote. Ukiifomati inakubali, ukinakili picha mia mbili zote zinafunguka. Hapo wengi hutosheka, humpa muuzaji nyota tano, na kilio huja wiki sita baadaye.

Kompyuta haipimi ujazo. Inauliza tu. Ndani ya kila flashi, memori kadi au SSD (diski ya chipu, isiyo na sehemu zinazozunguka) kuna chipu za kuhifadhia data na chipu nyingine ndogo, kidhibiti, inayozisimamia. Kidhibiti hujibu kile ambacho programu yake ya ndani imeandikiwa kujibu, na mwenye vifaa vya kiwandani anaweza kubadilisha jibu hilo kwa dakika chache. Chipu zikiwa za gigabaiti 32, kila kitu kinakwenda sawa mpaka gigabaiti ya 32. Baada ya hapo hutokea mojawapo ya mambo mawili: data mpya inatupwa huku kidhibiti kikisema imepokelewa, au inarudi mwanzo na kuandikwa juu ya data ya zamani. Majina ya faili hubaki yakionekana, maana orodha yake kwa kawaida hukaa mwanzoni mwa diski, penye chipu za kweli. Ndiyo maana folda huonekana imejaa video ambazo hazifunguki hata moja.

Hatua ya 1: Pima tangazo kwa akili kabla ya kupima kifaa

Anza na ujazo. Kadi yenye alama ya SDHC haiwezi kuzidi gigabaiti 32, na SDXC inaishia terabaiti 2. Huo ndio mpaka wa viwango vyenyewe. Kadi imeandikwa SDHC na gigabaiti 128 kwa pamoja? Imejitaja yenyewe kuwa ni feki. Flashi ya ukubwa wa kidole yenye terabaiti 16 haipo sokoni. SSD za mfukoni za makampuni yanayojulikana huishia terabaiti 4, chache zikifika 8, na bei yake si ya mchezo.

Kisha angalia ngazi ya bei ndani ya tangazo hilohilo. Kwenye bidhaa halali, kutoka terabaiti 1 kwenda 2 bei hukaribia kuwa maradufu, kwa sababu chipu zimekuwa maradufu. Kwenye tangazo la matapeli utakuta terabaiti 2, 4, 8 na 16 zimepangwa kwa tofauti ya bei ndogo mno. Kwao gharama ni ileile, kinachobadilika ni namba. Dalili hii pekee inatosha kukufanya ufunge ukurasa. Kama bado unashawishika, chukua bidhaa tatu za makampuni makubwa, gawanya bei kwa gigabaiti, ulinganishe. Ikiwa chini ya nusu ya hizo, achana nayo.

Soma pia maelezo ya kasi. Tangazo la kweli la SSD hutaja kasi ya kusoma na ya kuandika kwa megabaiti kwa sekunde, pamoja na miaka ya waranti. La uongo hutaja "10Gbps" peke yake. Hiyo ni kasi ya njia ya USB, haisemi lolote kuhusu chipu zilizo upande wa pili. Na hakikisha toleo linalouzwa lipo kweli kwenye tovuti ya mtengenezaji. Kuna SSD zinazouzwa kwa jina la Samsung na namba ya toleo ambayo kampuni hiyo haijawahi kutengeneza.

Hatua ya 2: Mchunguze muuzaji

Maoni ya nyota tano usiyape uzito. Mengi huandikwa siku mzigo ulipofika, kabla kifaa hakijajaa. Panga maoni kuanzia nyota ya chini, utafute malalamiko kama "faili hazifunguki" au "imegoma baada ya kujaa". Ukikuta maoni yanayosifu kava la simu au taa ya mezani chini ya tangazo la diski, ukurasa huo umebadilishwa bidhaa ili urithi nyota za bidhaa nyingine.

Jina kubwa kwenye tangazo halikulindi. Baadhi ya masoko ya mtandaoni yamewahi kuchanganya ghalani mzigo wa wauzaji mbalimbali wenye msimbopau mmoja, hivyo mtu aliweza kununua kwa muuzaji mwaminifu akaletewa kadi ya mwingine. Ni salama zaidi kununua kwenye duka rasmi la mtengenezaji. Na malipo yapitie ndani ya soko lenyewe: muuzaji akikuomba ulipe pembeni ili akupunguzie, haki yako ya kurudishiwa fedha inabaki huko pembeni pia.

Hatua ya 3: Mzigo ukifika

Andika tarehe ya mwisho ya kurudisha. Fungua kifurushi huku ukirekodi video isiyokatwa, namba ya utambulisho ikionekana. Makosa ya tahajia na uchapaji hafifu ni dalili, ila uchapaji mzuri hauthibitishi kitu. Maboksi hunakiliwa kirahisi. Hivyohivyo namba ya utambulisho: ikikataliwa kwenye ukurasa wa waranti wa mtengenezaji, una ushahidi. Ikikubaliwa, inawezekana tu imenakiliwa kutoka kwenye kifaa halali.

Kwa memori kadi, wenye Linux na kompyuta ambayo kisomaji chake cha ndani huitaja kadi kama mmcblk0 wana silaha ya ziada, amri inayosoma namba ya mtengenezaji iliyoandikwa ndani ya kadi:

`cat /sys/block/mmcblk0/device/manfid /sys/block/mmcblk0/device/oemid`

Kadi halali ya SanDisk hujibu 0x000003 na 0x5344. Ya Samsung, 0x00001b na 0x534d. Sufuri tupu chini ya jina kubwa si jambo la kupuuza. Kisomaji cha USB hakionyeshi taarifa hizi.

Hatua ya 4: Jaza, kisha soma

Hapa ndipo ukweli hutoka. Programu za kupima kasi hazifai kwa kazi hii, kwa sababu huandika gigabaiti moja hivi na kuishia hapo, mahali ambapo hata flashi feki ni nzima. Inatakiwa kuandika data inayojulikana mpaka pomoni, kisha kuisoma yote na kulinganisha.

Kwenye Windows tumia H2testw. Hufunguka kwa Kijerumani, kwa hiyo badilisha lugha kwanza. Fomati kifaa kiwe tupu, bofya "Select target" ukichague, acha "all available space", kisha "Write + Verify". Majibu mazuri ni "Test finished without errors". Ukiona kifaa kimetajwa kuwa "defective" na gigabaiti kadhaa zimewekwa chini ya "DATA LOST", kilichobaki ni kurudisha.

Kwenye Linux na Mac tumia F3. Isakinishe kwa `sudo apt install f3` au `brew install f3`, kisha:

`f3write /media/jina/FLASHI`

Ikimaliza, chomoa kifaa kwa utaratibu, kichomeke tena, ndipo uendeshe:

`f3read /media/jina/FLASHI`

Weka njia ya kifaa chako mahali pa hiyo ya mfano; kwenye Mac huanza na /Volumes. Usiruke kuchomoa: kompyuta yenye RAM kubwa inaweza kusoma kutoka kwenye kashe yake (hifadhi ya muda) badala ya kifaa, ukapata majibu mazuri ya uongo. Kwenye matokeo, mstari wa "Data LOST" lazima uwe sufuri.

Muda unakadirika: gawanya ujazo kwa kasi. Gigabaiti 128 kwa megabaiti 20 kwa sekunde ni sekunde 6,400, karibu saa 1 na dakika 47, kisha ongeza muda wa kusoma. "Terabaiti 2" kwa megabaiti 10 kwa sekunde ni zaidi ya saa 55 za kuandika tu. Kwa vifaa hivyo vikubwa anza na kipimo cha haraka. Windows ina ValiDrive, inayogusa sehemu 576 zilizotapakaa kifaa kizima. Linux ina hii:

`sudo f3probe --destructive --time-ops /dev/sdX`

Neno "destructive" halikuwekwa kwa mapambo: data iliyomo inaweza kupotea. Endesha `lsblk` kwanza ujue herufi sahihi ya kifaa ya kuweka mahali pa X, la sivyo utaharibu diski ya kompyuta yako. Kifaa kikifeli kipimo cha haraka, kimefeli. Kikifaulu, bado kijaze chote kabla ya kukikabidhi kitu cha maana.

Usimhukumu muuzaji kwa mambo mawili haya. Kwanza, Windows kuonyesha 119 kwenye flashi ya gigabaiti 128, au 931 kwenye terabaiti 1, ni tofauti ya kuhesabu kwa 1,000 na kwa 1,024. Pili, makosa machache yaliyotawanyika huweza kutokana na kisomaji kibovu au habu ya USB. Badilisha tundu urudie. Feki ya ujazo ina sura yake: safi mpaka mahali fulani, kisha uharibifu mtupu mpaka mwisho.

Hatua ya 5: SSD na diski kuu

SSD nyingi feki za mfukoni, ukizifungua, ni memori kadi moja au mbili zilizochomekwa kwenye kisomaji cha USB na kubandikwa kwa gundi, pengine na kipande cha chuma cha kuongeza uzito. Huna haja ya bisibisi. SSD ya kweli kwenye USB 3 huandika mamia ya megabaiti kwa sekunde, japo nyingine hupungua kasi kashe yake ikijaa. Inayotambaa kwa 10 au 20 tangu faili la kwanza ni kadi iliyovaa koti.

Diski kuu (hard disk) zina utapeli mwingine: za zamani huuzwa kama mpya. Fungua CrystalDiskInfo au endesha `sudo smartctl -a /dev/sdX`, usome "Power On Hours". Mpya huwa karibu na sufuri. Saa 25,000 ni karibu miaka mitatu ya kazi mfululizo. Hesabu hiyo nayo hufutwa. Mwaka 2025 liliibuka wimbi la diski za Seagate zilizokwisha kutumika, hesabu zikiwa zimerudishwa sufuri. Waliotapeliwa walisaidiwa na FARM, kumbukumbu ya pili ya matumizi iliyo ndani ya diski za Seagate, ambayo kwenye diski hizo haikuguswa. Smartmontools, kifurushi chenye smartctl, kuanzia toleo la 7.4 huisoma kwa `sudo smartctl -l farm /dev/sdX`. Hesabu mbili zikipishana kwa maelfu ya saa, umeuziwa mtumba.

Hatua ya 6: Kudai fedha

Piga picha ya skrini yenye matokeo ya H2testw au F3, iambatanishe na video ya kufungua kifurushi, na ufungue dai ndani ya soko kwa sababu ya "bidhaa si kama ilivyoelezwa". Muuzaji akikupa nusu ya fedha ubaki na kifaa, kataa. Akikushauri ufomati upya, anakula siku zako za kurudisha.

Kama tayari umehifadhi vitu humo, acha kuandika chochote papo hapo, nakili kila kinachosomeka, na fungua faili moja moja. Jina na ukubwa havithibitishi kwamba kilichomo kipo.

Fedha zikisharudi na kifaa kikabaki kwako, f3probe itakuwa imekupa amri ya `f3fix` yenye namba ya sekta ya mwisho ya kweli. Iendeshe, kisha fomati pathisheni (sehemu ya diski iliyotengwa) inayopatikana, na utabaki na gigabaiti 32 za kubebea nyaraka za kwenda kuchapisha. Andika ujazo wake halisi juu ya ganda kwa kalamu ya wino usiofutika, kwa sababu siku mtu atakapofuta pathisheni hiyo na kuigawa upya, flashi itarudi kusema ni terabaiti 2.