Kabla hujasukuma pingili: namna ninavyochagua mbinu

Vijana wanaotoka chuoni huniuliza ni mbinu gani bora ya kusukuma pingili, yaani mifupa ya uti wa mgongo, na kila mmoja huja na mbinu aipendayo: huyu Gonstead, yule Activator, mwingine haambiliki nje ya Diversified. Mimi nilisomea ukairoprakta, tiba ya mgongo na viungo kwa mikono, huko Durban, nafanya kazi Mombasa. Asubuhi kwenye kitanda changu cha tiba hulala hamali wa soko la Kongowea, mchana bibi mwenye miaka 75. Hawa wawili hawawezi kupewa mkono mmoja.

Anza na wale usiowasukuma kabisa. Mgongo unaouma pamoja na homa za jioni, jasho la usiku na mwili kukonda: huku kwetu fikiria kifua kikuu cha mifupa mapema, umpeleke akapigwe picha. Ganzi sehemu za siri, mkojo kugoma, miguu kuishiwa nguvu: hospitali leo hii, si kesho. Uliza na dawa. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au aliyetumia steroidi kwa muda mrefu, msukumo wa kasi simpi.

Sasa huyo hamali. Kiuno kimekwama baada ya kuinua gunia, mifupa ni imara, maumivu hayashuki mguuni. Diversified, yaani msukumo wa haraka kwa mkono, inamfaa. Mlaze ubavu, upande unaouma uwe juu. Mguu wa chini unyooke, wa juu ukunjwe, unyayo ukae nyuma ya goti la mguu wa chini. Vuta mkono wake wa chini ili kifua kizunguke taratibu, huku kidole chako kikiwa kati ya pingili. Ukihisi mzunguko umefika pale unapopataka, koma. Wengi hupitiliza hapa, wakamsokota mgonjwa kama shuka inayokamuliwa.

Weka kitako cha kiganja kando ya uti, si juu ya ncha za mifupa. Msogelee, kifua chako kiwe juu ya mkono wako. Mwambie atoe pumzi, na misuli inapolegea ubonyeze polepole mpaka ugote. Kaa hapo hapo, hesabu mpaka kumi. Hatua hii naithamini kuliko msukumo wenyewe, maana ndiyo inayonipa jibu. "Kaka, ikianza kuteremka mguuni niambie." Ikiteremka, mwachie, mbinu hiyo si yake leo. Kama kimya, sukuma: haraka, kifupi, kwa uzito wa mwili na si kwa ubavu wa mabega.

Mlio ukitoka, sawa. Usipotoka, usirudierudie. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walipiga picha za MRI (kipimo cha sumaku) vidole vikivutwa, wakaona uwazi ukifunguka ndani ya majimaji ya kiungo pale kinapolia. Mlio hauna maana kwamba pingili "imerudi mahali pake", hata kama mgonjwa angependa kusikia hivyo, na hata kama wenzetu wengine huliuza neno hilo.

Maumivu yanayoshuka chini ya goti, na diski (kitulizo laini kati ya pingili) inashukiwa, nahamia kwenye mbinu ya Cox: mgonjwa analala kifudifudi, sehemu ya chini ya kitanda inashuka na kupanda taratibu, mkono wangu ukishikilia pingili ya juu ya pale panapouma. Kwanza najaribu kuvuta kidogo. Maumivu yakirudi kiunoni na kuuacha mguu, tuko njiani.

Bibi mwenye mifupa dhaifu napendelea kumtumia kifaa cha springi cha Activator, au mikono tu isiyo na kasi. Mama mjamzito namlaza ubavu na mito. Kifudifudi hapana, ila kama kitanda kina nafasi ya tumbo.

Shingoni mkono wangu ni mzito kuamua. Kizunguzungu, kuona viwiliviwili, ulimi mzito, shida ya kumeza, ganzi usoni, au maumivu ya kichwa na shingo ambayo hajawahi kuyapata: simgusi, huenda ni mshipa wa damu umechanika. Hata asiye na dalili hizo, namweleza hatari iliyopo na kumwomba idhini, na mara nyingi naanza na pingili za kifuani kwanza.

Ukimaliza, rudia kipimo kile kile ulichoanza nacho: ainame, ageuze shingo, ainue mguu. Mwambie anaweza kuhisi uchovu wa misuli siku moja au mbili. Wiki chache zikipita bila nafuu, usimwongezee miadi. Mwandikie barua ya rufaa, utaje ulichofanya na pingili uliyoishika, ili daktari atakayempokea asianze gizani.